Kipokezi cha H4 na Kingamwili Zinazohitaji Kuthibitishwa

Mtu anayewashwa mwili kwa mzio akimeza Piriton au setirizini, dawa hiyo hukalia protini iitwayo kipokezi cha H1, na histamini iliyomwagwa na seli za kinga hukosa pa kushika. Vipokezi vya histamini mwilini ni vinne. H1 kinahusika na chafya, macho kuwasha na mabaka ya ngozi. H2 kiko tumboni, kwenye seli zinazotoa asidi. Dawa ya kukizuia, simetidini, ni sehemu ya kazi iliyompatia James Black Tuzo ya Nobel mwaka 1988. H3 hupatikana zaidi kwenye ubongo. Cha nne, H4, jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000 na 2001 na makundi kadhaa ya watafiti, kila moja kivyake.

H4 kilileta matumaini makubwa kwa sababu kipo kwenye seli za kinga, hasa eosinofili, nazo ndizo hujaa kwenye mapafu ya wenye pumu. Tena, mwasho wa pumu ya ngozi mara nyingi hautulizwi na dawa za H1. Lakini kabla ya kutengeneza dawa ya kukizuia, ni lazima ujue kiko kwenye seli zipi za binadamu. Hapo ndipo maabara huhitaji kingamwili, yaani protini ya kinga inayoshika kitu maalumu.

Kipande cha ngozi huhifadhiwa kwa fomalini, hugandishwa ndani ya nta ya parafini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya kiasi cha mikromita 4 na kulazwa kwenye kioo. Juu yake hudondoshwa kingamwili iliyokusudiwa kukishika kipokezi. Hufuata kingamwili ya pili, inayoishika ile ya kwanza, ikiwa imebeba kimeng'enya kinachogeuza kemikali isiyo na rangi kuwa ya kahawia papo hapo. Penye kahawia chini ya hadubini, mtafiti huandika kwamba kipokezi kipo.

Swali ni kama kingamwili imeshika ilichotumwa kushika. Kingamwili nyingi za aina hii hupatikana kwa kumdunga sungura kipande kifupi cha protini, pengine asidi amino 15 au 20, ilhali H4 nzima ina 390. Ni sawa na kumtafuta mtu sokoni kwa rangi ya shati lake tu: pengine utampata, lakini utawasimamisha na wengine wengi. H4 inazidisha ugumu. Imejipenyeza kwenye utando wa seli mara saba, hivyo sehemu kubwa yake imezama ndani ya mafuta ya utando huo. Idadi yake kwenye seli nyingi ni ndogo. Kwa hiyo hata kingamwili ikinata kidogo tu kwenye protini nyingine iliyo nyingi zaidi, rangi ya uongo itaifunika ile ya kweli.

Wasiwasi huu una ushahidi. Mwaka 2009 jarida la famakolojia la Naunyn-Schmiedeberg lilichapisha tahariri iliyohoji kuaminika kwa kingamwili za familia nzima ya vipokezi ambavyo H4 ni kimojawapo. Mwaka 2012, katika jarida hilohilo, watafiti wa Hannover, Ujerumani, waliripoti kwamba kingamwili za H4 walizozinunua sokoni na kuzipima hazikuwa mahususi kwa kipokezi hicho. Kabla ya hapo tafiti zilikwisha kuchapishwa kwa kuzitumia. Jambo hili linaniumiza, maana kila ramani iliyochorwa kwa rangi isiyothibitishwa inaweza kuelekeza fedha na muda wa wagonjwa kwenye seli isiyohusika.

Kuna kipimo kinachopendwa mno kuliko kinavyostahili. Kingamwili huchanganywa kwanza na kile kipande cha protini alichodungwa sungura. Rangi ikitoweka, mtu hudai amethibitisha. Hajathibitisha. Ameziba tu mahali pa kushikia, na kingamwili iliyozibwa haitashika kitu chochote, kiwe H4 au kingine.

Ninachokidai mimi ni kipimo cha jeni. Kwa panya ni rahisi: wapo waliozalishwa bila jeni ya H4, na rangi ikionekana kwenye tishu zao, kingamwili imefeli. Binadamu hatuwezi kumfanyia hivyo. Badala yake tunachukua seli za binadamu zinazooteshwa maabara, tunaikata jeni hiyo kwa mbinu ya CRISPR kwa baadhi yake, kisha makundi yote mawili tunayapitisha kwenye fomalini na nta kama tishu yenyewe. Hatua hii ya mwisho mara nyingi hurukwa, na ni kosa, kwani fomalini hubadili umbo la protini. Kingamwili iliyofaulu kwenye seli hai inaweza kufeli kwenye nta.

Mwaka 2016 kundi la kimataifa lililoongozwa na Mathias Uhlén wa Sweden lilipendekeza njia tano za uthibitisho, hiyo ya jeni ikiwa mojawapo. Nyingine ni kutumia kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti za protini ileile na kuona kama zinakubaliana.

Isisomwe kwamba upakaji rangi wote ni wa mashaka. Kingamwili za kipokezi cha estrojeni, zinazotumika kuamua tiba ya saratani ya matiti, zimepimwa kwa miongo mingi dhidi ya matokeo ya wagonjwa wenyewe. H4 haijapata historia hiyo. Anayeitafuta kwenye ngozi leo anaweza kuanza na RNA mjumbe, yaani RNA inayobeba agizo la kuiunda, ambayo huonekana ndani ya seli mojamoja kwenye kipande kilekile cha nta. RNA huonyesha seli iliyopokea agizo. Kama protini imeundwa na kufika kwenye utando, bado itahitajika kingamwili iliyofaulu kwenye seli zisizo na jeni.