Bellini alilipa kwa kichwa, wazee wa Chicago wanajiokoa kwa miguu

JUNI 29, 1958, Uwanja wa Råsunda, nje kidogo ya Stockholm. Brazil imeichapa Sweden mabao 5-2, dogo wa miaka 17 anayeitwa Pele ametupia mawili, na nahodha Hilderaldo Bellini anakabidhiwa Kombe la Dunia. Wapiga picha waliokaa nyuma wanalalamika hawaoni kitu. Bellini analinyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Leo kila nahodha anayebeba kombe, hata kwenye bonanza la mbuzi mtaani, anafanya vilevile.

Uzeeni, mwenye kombe hilo alianza kusahau. Ikaaminika ni Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu taratibu. Alifariki Machi 2014 akiwa na miaka 83. Familia ikatoa ubongo wake uchunguzwe, na madaktari wa Sao Paulo wakakuta pia CTE, maradhi yanayohusishwa na kichwa kugongwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Bellini alikuwa beki wa kati, kitasa hasa, na kazi ya kitasa inajulikana: krosi ikija, kichwa kinatangulia.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walifuatilia rekodi za wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland. Vifo vyenye mkono wa maradhi ya ubongo vilikuwa mara tatu na nusu zaidi ya kwa watu wa kawaida. Mwaka 2021 wakachambua kwa namba za uwanjani: mabeki ndio walioumia zaidi, makipa walikuwa kama raia wengine tu.

Lakini utafiti huohuo ulikuwa na upande wa pili ambao haukupigiwa kelele sana. Wachezaji hao walikufa kidogo zaidi kwa magonjwa ya moyo. Mbio zile zote hazikwenda bure. Na kinachoulinda moyo, yaani damu inayozunguka vizuri, shinikizo na sukari vikikaa sawa, kinaulinda na ubongo pia.

WALATINO NA MERENGUE

Upande huo wa miguu, stori nzuri iko Chicago. Walatino wa Marekani, wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Colombia na kwingineko, wanakadiriwa kuwa na uwezekano wa mara moja na nusu wa kupata Alzheimer kuliko wazee Wazungu. Kisukari kimewaandama. Wengi wamechakaa kwa kazi za ujenzi, jikoni na usafi, na mtu aliyesimama kutwa nzima hana hamu ya kwenda kukimbia jioni. Karibu theluthi yao hawafanyi zoezi lolote nje ya kazi.

Profesa David Marquez wa Chuo Kikuu cha Illinois Chicago hakuwapelekea mashine za kukimbilia. Aliwapelekea muziki. Programu yake inaitwa BAILAMOS, neno la Kihispania lenye maana ya "tunacheza", kucheza kwa ngoma, maana wao mpira wana neno lake. Kwa Kiswahili vyote ni kucheza, na hapa Kiswahili kimelenga.

Mara mbili kwa wiki, saa moja kila kipindi, kwa miezi minne: merengue, cha cha cha, bachata, salsa. Hapo si jasho tu. Mzee anahesabu hatua, anamsoma mwenzake, anakumbuka mzunguko unaofuata huku muziki haumsubiri. Ni kama kiungo anayepokea mpira akiwa tayari anajua pasi inakwenda wapi.

Zaidi ya watu 300 walishirikishwa, baadhi wakiingia kwenye dansi na wengine kwenye masomo ya afya. Matokeo yaliyotoka 2022 yalionyesha waliocheza waliongeza mazoezi katika muda wao wa mapumziko na wakafanya vizuri zaidi kwenye kumbukumbu ya papo kwa papo, ile ya kushika jambo kichwani wakati unafanya jingine. Si kwamba wamepona Alzheimer, hilo hakuna aliyelisema. Ila kwa mzee wa miaka 65 anayetaka kukumbuka dawa zake na namba ya basi, si haba.

Jimboni humohumo, mwaka 2011, utafiti mwingine ulionyesha kutembea tu, dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, kuliongeza kwa asilimia 2 sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Kwa kawaida uzeeni sehemu hiyo husinyaa.

Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo hazifiki hata mechi mbili. Tatizo ni kwamba za kukaa mbele ya runinga na kumfokea mwamuzi hazihesabiwi.

Kasoro ya Chicago ilikuwa moja: waliojitokeza kwa wingi ni akina mama. Babu zao wa Kilatino, kama babu wengi, salsa darasani hawaitaki.

Kwa wa aina hiyo, Waingereza wa Chesterfield walianzisha mwaka 2011 soka la kutembea. Ukikimbia, unapigiwa faulo. Na katika sheria zake nyingi, mpira hauruhusiwi kupita usawa wa kichwa.