Nyumba za Wakfu na Kodi Inayopanda Mjini

Mji unapotajirika, si kila mkaazi wake hutajirika pamoja nao. Kodi hupanda, wenye uwezo huingia, na wanyonge huhama. Mfano tulio nao karibu ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tangu Serikali ilipofungua milango ya biashara na utalii katika miaka ya 1980, na zaidi baada ya UNESCO kuutia mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, majumba mengi ya zamani yamegeuzwa hoteli na maduka ya watalii. Anayehama huacha kuta nene za mawe na vichochoro vyenye kivuli, akaenda kuishi chini ya bati na joto lake. Msikiti wa mtaa nao hupungukiwa na safu.

Katika mji huo zimo nyumba nyingi za wakfu. Basi suala ni hili: Je, nadhiri, yaani msimamizi wa wakfu, anaruhusiwa kufuata bei ya soko na kumtoa mpangaji maskini?

Asili ya mlango huu ni ardhi ya Khaybar aliyoipata Sayyidna Umar (r.a.). Alipomtaka ushauri Mtume (s.a.w.), alielekezwa aizuie ardhi yenyewe na atoe sadaka manufaa yake, akaiweka isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Wameipokea Bukhari na Muslim. Kutokana na hapo wanavyuoni wamebainisha hukumu nyingi, na tatu kati yake zinatuhusu hapa.

Kwanza, sharti la mtoa wakfu hufuatwa. Akisema nyumba wakae mafakiri au jamaa zake, basi hao ndio wakaao. Nadhiri hana ruhusa ya kuwatoa ili aingize mwenye fedha nyingi.

Pili, ikiwa nyumba imewekwa wakfu ili kodi yake iendeshe msikiti au madrasa, ni wajibu ikodishwe kwa ujratul-mithli, yaani kodi ya nyumba mfano wake mahali pale. Hapa nadhiri hawezi kumpunguzia mtu, hata kwa huruma, kwani atakuwa anatoa haki isiyokuwa yake. Maskini husaidiwa kwa zaka na sadaka, si kwa kupunguza haki ya msikiti.

Tatu, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H./1277) ameeleza katika Minhaj kwamba nadhiri akishakodisha, kisha kodi ikapanda ndani ya muda, au akatokea mwenye kuzidisha, mkataba hauvunjiki kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Mpangaji ana amani mpaka muda wake uishe.

Kwa hiyo jawabu haliko katika bei ya soko. Limo katika hati ya wakfu. Zanzibar ilikuwa na Kamisheni ya Wakfu tangu mwaka 1905, na leo iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Maimamu na kamati za misikiti wazitafute hati, wazisome, na waandikishe mikataba yenye muda unaojulikana. Na mwenye nyumba anayetaka mtaa wake ubakie na waumini, basi aiweke wakfu kwa sharti la wazi kuwa ni makaazi ya mafakiri wa mtaa huo. Sharti lisipoandikwa leo, kesho nadhiri hatakuwa na la kulishika mbele ya mwenye fedha.

Wallahu A'alam.