Sungura Aliyeshitakiwa na Paka

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za jioni twamjua sungura mwerevu, amdanganyaye fisi na kumshinda simba. Leo twawaletea sungura wa namna nyingine: hasemi neno, na hakimu wake ni paka.

Habari hii imo katika kitabu Bunnicula, walichokitunga James Howe na mkewe Deborah, watu wa Marekani. Kilitolewa mwaka 1979. Bibi huyo alikuwa amekwisha kufariki, hakukiona. Msimulizi wake ni Harold, mbwa wa jamaa ya Monroe. Usiku mmoja wenye nyumba walikwenda sinema pamoja na wana wao, Pete na Toby, kutazama habari za Dracula, mfu anyonyaye damu za watu. Humo wakaokota sungura mdogo, wakamleta nyumbani.

Haikuwa siku nyingi, nyanya ikaonekana jikoni, nyeupe kabisa, maji yake yamefyonzwa. Wenye nyumba wakastaajabu tu. Lakini Chester, paka asomaye vitabu mno, akakata shauri: mgeni ni mnyonyaji! Akasoma kwamba mnyonyaji huuawa kwa kigingi cha mti moyoni. Kumbe, katika Kiingereza, neno la kigingi na neno la kipande cha nyama husikika sawasawa. Basi bwana paka akamwekea sungura nyama mbichi kifuani!

Hapo tulicheka sana. Lakini kicheko kikakatika. Chester alimzuia sungura kwa kitunguu saumu asifikie chakula, naye akadhoofika kwa njaa. Harold, ingawa ni rafiki ya paka, aliona huruma, akajaribu kumpeleka mezani penye mboga. Mwishoni sungura alipelekwa kwa mganga wa wanyama, akanyweshwa maji ya karoti, akapona.

Tujiulize: kosa lake lilikuwa nini? Alifyonza nyanya, hakumwuma mtu. Chester alikuwa ameona kitu cha kweli, lakini hakuuliza ni nani aliyeumizwa.

Huku kwetu Kongo pia, yatima huitwa mchawi kwa ndoto ya jirani, akanyimwa chakula, akafukuzwa nyumbani. Washitaki ni wengi. Harold ni wachache. Enyi wanafunzi, mkisikia mnong'ono wa namna hiyo, msikimbilie kitunguu saumu. Mpelekeeni kwanza mtoto huyo sahani ya chakula.