Sifuri Yenye Mikondo Miwili Ndani Yake

Kanuni ya supaposisheni hufundishwa kama mbinu ya hesabu: saketi ikiwa na vyanzo kadhaa, bakisha kimoja, zima vingine, tafuta mkondo wake; rudia kwa kila chanzo, kisha jumlisha ukizingatia mwelekeo. Kuzima betri maana yake ni kuweka waya mahali pake na kuubakiza ukinzani wa ndani wa betri hiyo. Chanzo cha mkondo huachwa wazi. Lakini thamani kubwa ya kanuni hii ni kubainisha mchango wa kila chanzo, jambo ambalo mita haionyeshi.

Tuchukue betri ya volti 12 yenye rezista ya omu 4 na betri ya volti 6 yenye rezista ya omu 2, zikilisha kwa pamoja mzigo wa omu 4. Mita itasoma volti 6 kwenye mzigo, na sifuri katika tawi la betri ndogo. Je, betri hiyo haina kazi? Supaposisheni inajibu kwamba kila betri ikiwa peke yake huupa mzigo volti 3. Katika tawi lile, betri ndogo hutoa ampea 1.5, na kubwa hurudisha ampea 1.5, ndiyo maana mita inasoma sifuri. Ni kweli kwamba ukilikata tawi zima, mzigo hauhisi lolote. Lakini ukiliacha na kuweka waya mahali pa betri, volti za mzigo hushuka hadi 3.

Wapo watakaosema kanuni ya Kirchhoff hufikia volti 6 kwa mlinganyo mmoja. Hilo halina ubishi, ila jibu hilo halitenganishi michango. Supaposisheni inaonyesha kwamba nusu ya volti za betri ndogo na robo ya zile za betri kubwa hufika kwenye mzigo. Hivyo betri ndogo ikipandishwa hadi volti 8, mzigo utapata 7, bila kuanza hesabu upya.

Pingamizi zito zaidi linahusu nguvu. Mzigo hutumia wati 9, ilhali kila betri peke yake ingeupa wati 2.25, jumla 4.5 tu. Sababu ni kwamba nguvu hufuata mraba wa mkondo; basi jumlisha mikondo kwanza, ndipo ukokotoe nguvu. Vivyo hivyo, diodi huivunja kanuni kwa kuwa mkondo wake hauwiani na volti. Mipaka hii haiipunguzii kanuni hadhi. Inamtaka fundi ajue saketi yake ni ya aina gani kabla hajaigawa vipande.