Sakitu Huja Usiku wa Nyota

Ndugu wakulima wa Njombe na Makete, kuanzia Juni hadi Agosti tusikilize redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja nyuzi 3, tusiseme bado haijafika 0. Kipimo chao hukaa karibu na kimo cha mtu. Majani ya chini hupoa zaidi.

Jioni tutazame angani. Mawingu ni blanketi. Anga ikiwa wazi na upepo umetulia, sakitu, ule umande mweupe ulioganda, yaweza kuanguka alfajiri.

Hewa ya baridi ni nzito. Hutiririka kama maji ikatuama bondeni. Ndiyo maana mparachichi wa bondeni huungua, wa mteremkoni ukapona.

Basi mchana tumwagilie udongo mkavu, maana udongo wenye maji hutunza joto la jua. Matandazo tuyasogeze kando ili joto hilo litoke. Miche tuifunike kwa magunia juu ya vijiti, yasiguse majani, asubuhi tufunue. Na moshi je? Wengi tunauamini, lakini kinachopasha ni moto wenyewe.

Mti ukiungua, panga liwekwe kwanza. Tungoje machipukizi, ndipo tutajua tawi limekufa hadi wapi.