Kauli ya Kitenzi na Nia ya Mwandishi katika Kifungu cha Ufahamu

Mwanafunzi anapoulizwa lengo la mwandishi wa kifungu cha ufahamu, aghalabu hujibu: "Kuelimisha jamii." Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nililitia jibu hilo alama ya vyema mara nyingi, bila kujiuliza ni nani anayeelimishwa na ili afanye nini. Kosa lilikuwa langu. Kifungu kinachoarifu na kinachoshawishi huweza kuwa na mada moja na hata taarifa zilezile. Kinachovitenganisha ni jambo ambalo mwandishi anataka msomaji aliamini au alitende, na mara nyingi jambo hilo huonekana katika sarufi kabla ya kuonekana katika hoja.

Tuchukue tukio la kubuni. Mwandishi wa kwanza anasema: "Vibanda vilibomoka usiku." Wa pili: "Vibanda vilibomolewa usiku." Wa tatu: "Askari wa kaunti walivibomoa vibanda vya akina mama usiku." Kauli ya kutendeka imemfuta mtenda kabisa, kana kwamba mbao zilichoka zenyewe. Kauli ya kutendwa inakiri kwamba yupo, ila haimtaji. Kauli ya kutenda imemsimamisha kizimbani, na maneno "vya akina mama" yamekwisha kuamsha huruma. Hakuna aliyeuliza swali la balagha wala kutamka "hatuna budi", lakini msomaji ameshaelekezwa upande. Wanafunzi wetu huusaka ushawishi katika mahimizo ya wazi pekee, ilhali mwandishi hodari huyatumia kwa uchache.

Haimaanishi kwamba kila kauli ya kutendwa ina hila. Pengine mtenda hajulikani. Njia ya kupima ni kuigeuza kauli, kisha kuuliza ni nani angeumia au kunufaika endapo sentensi ingeandikwa vile.

Swali la hadhira nalo lina uzito, na Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951 Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza, yatufaa hapa. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, ambao waliporejea na mafunzo walitiwa gerezani. Msomaji anayeuliza masimulizi hayo yanahusu nini atajibu: safari. Anayeuliza yanasemwa mbele ya nani atatambua kwamba kila safari ni hoja, na kwamba taratibu mshtakiwa anageuka kuwa mshtaki wa baraza zima. Nyuma ya baraza hilo kuna hadhira ya pili, yaani wasomaji wa koloni, ambao yamkini hawakuhitaji kuelezwa nchi hiyo ya angani ilikuwa wapi.

Siku hizi ninapokutana na jibu "kuelimisha", huandika pembeni: "Nani, ili afanye nini?" Muhula uliopita nilitunga swali kuhusu kifungu cha mazingira: "Eleza jinsi misitu ilivyoharibika." Mwanafunzi mmoja alilijibu vizuri, kisha akaongeza chini kwa kalamu ya risasi: "Mwalimu, iliharibika au iliharibiwa?"