Mnara Upo, Mama Hapatikani

Kampuni za simu zinapotangaza kwamba kata fulani imefikiwa na mtandao, kwa kawaida zinamfikiria mtu aliyesimama nje, mahali pa wazi, mwenye simu nzima na chaji ya kutosha. Mzee wa miaka themanini aliyelala chumba cha nyuma, chini ya bati, katika nyumba iliyojengwa upande wa mlima usioutazama mnara, hayumo katika picha hiyo. Ninamwandikia huyu. Watoto wake wengi tuko Dar es Salaam, Arusha, Mombasa, wengine Muscat, na usiku atakapozidiwa, jambo la kwanza litakaloamua kama atapata msaada ni simu yake kushika au kutoshika.

Ninazungumzia Usambara kwa kuwa ndiko kwetu, ingawa wa Upare, Uluguru na Taita watajiona humu. Ukitoka Mombo kupanda Lushoto, simu iliyokuwa inashika vizuri kwenye kona moja hunyamaza kwenye kona inayofuata. Mawimbi ya simu husafiri karibu kama mwanga: yakikutana na mlima yanakwama, na nyuma yake kunabaki kivuli. Hata hivyo huweza kujipinda kidogo yanapopita juu ya kilele, na hapo ndipo masafa yanapoleta tofauti. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa kama sentimita 33, na hujipinda na kupenya ukutani vizuri kuliko la megahezi 1800, ambalo urefu wake ni nusu ya huo. Ya 2100 na 2600 huchoka mapema zaidi. Ndiyo maana kampuni mbili zinaweza kufunga mitambo yao kwenye mnara mmoja, na nyumba ya mama ikashika ya kampuni moja tu, au ikashika mtandao wa 2G wa kampuni ileile ambayo 4G yake haifiki kabisa.

Watu wa milimani wanayajua haya bila kuambiwa na fundi. Kila kijiji kina mahali pake pa kupigia simu: mwamba, kona ya shamba, chini ya mkaratusi fulani. Jioni vijana hupanda huko, wakamaliza mazungumzo yao na kushuka. Bibi mwenye magoti mabovu hapandi, na masika yakianza mwezi Machi, njia ile huwa utelezi hadi Mei. Kumwambia mzazi wa umri huo "panda juu kidogo ndipo unipigie" ni kumtuma kwenye hatari ileile tunayotaka simu imwokoe nayo.

Kabla ya kununua chochote, pima. Ukienda kwa mapumziko, beba laini za kampuni zote zinazosikika eneo hilo, uziweke kwenye simu moja baada ya nyingine, na uzunguke nyumba nzima: chumbani kwa mama, jikoni, barazani, karibu na choo. Usitazame vistari vya mtandao peke yake, kwa sababu kila mtengenezaji wa simu huvipanga anavyotaka. Piga simu halisi, uzungumze dakika mbili, usikilize kama sauti inakatika. Rudia asubuhi, mchana, na tena baada ya saa tatu usiku. Simu janja nyingi zina ukurasa katika mipangilio unaoonyesha nguvu ya mtandao kwa namba hasi, kwa kipimo cha dBm. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mtandao unavyokuwa na nguvu, na kila hatua ya 10 ni mara kumi: penye -95 mnapata moja ya kumi ya nguvu iliyopo penye -85. Mara nyingi tofauti hiyo hupatikana kwa kuhama kutoka kitandani hadi dirishani.

Ipo dalili nyingine ambayo wengi huipita. Simu ikiandika kwamba inaruhusu simu za dharura tu, aghalabu ina maana kwamba laini yako haishiki hapo, lakini mnara wa kampuni nyingine unafika. Huo ni ushahidi wa bure kwamba dawa inaweza kuwa kubadilisha kampuni. Tangu Machi 2017, mteja wa Tanzania anaweza kuhama kampuni na kubaki na namba yake. Kwa mzee, jambo hili lina uzito kuliko tunavyodhani, kwa sababu namba yake iko kwa mganga wa zahanati, kwa katibu wa kanisa au msikiti, kwa ndugu waliokwisha kuiandika ukutani. Asibadilishiwe namba kwa sababu tu ya mnara.

Sasa simu yenyewe. Watoto wenye mapenzi humpelekea mama simu janja kubwa, yenye kamera nzuri. Bondeni, simu ya batani, ile tunayoiita kiswaswadu, humfaa zaidi, na sababu yake ni ya kifundi. Mazungumzo yana pande mbili: simu inausikia mnara, na mnara unaisikia simu. Mnara una nguvu nyingi na umekaa juu; simu ni kifaa kidogo kilichoshikwa mkononi. Katika 2G ya megahezi 900, simu inaruhusiwa kurusha hadi wati 2. Katika 4G, simu ya kawaida hurusha kama wati 0.2. Kwa hiyo kuna mahali ambapo simu janja inaonyesha vistari, kwa kuwa inausikia mnara, lakini ukipiga hakiendi kitu, kwa kuwa mnara hauisikii. Simu ya batani mahali hapohapo huweza kupita. Kama mama tayari ana simu janja na hataki kuiacha, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uifunge kwenye 2G, kisha upime upya. Picha atazipata siku akienda mjini. Chaji nayo itadumu, maana simu inayohangaika kutafuta mtandao hupandisha nguvu yake muda wote na kumaliza betri kabla ya jioni, na kwa nyumba inayotegemea sola ndogo hilo peke yake linatosha kumfanya mzee asipatikane.

Ujumbe mfupi unastahili heshima yake hapa. Simu ya sauti inahitaji mtandao utulie kwa dakika nzima. Ujumbe mfupi unahitaji sekunde chache, na simu ikiwa imepotea, kituo cha ujumbe huuhifadhi na kuutuma inaporudi. Menyu za kutuma pesa ni kinyume chake. Zinataka mawasiliano yasikatike tangu unapobonyeza namba ya kwanza hadi ya siri, na yakikatika katikati, mzee habaki na uhakika kama pesa imetoka au imebaki. Afadhali shughuli za pesa azifanye kwa wakala, mahali penye mtandao, akiwa na mtu anayemwamini, kuliko kuzijaribu gizani nyumbani.

Baada ya kujua kampuni na simu, tafuta mahali. Bati huzuia mawimbi, ukuta mnene wa tofali huyapunguza, na dirisha huyapitisha. Katika nyumba nyingi, sehemu inayoshika vizuri ni dirisha moja lililo upande wa mnara. Pale pigilia kifuko imara kwenye fremu, simu ikae humo mchana na usiku, na waya wa chaji ufike hapohapo. Mlio uwe wa juu kabisa. Mfundishe mama kupokea na kubonyeza kipaza sauti bila kuiondoa simu mahali pake. Kuishika na kutembea nayo hadi kitandani ndiko kunakokata mazungumzo. Kama kitanda kinaweza kuhamishiwa kwenye chumba chenye dirisha hilo, kihamisheni, ikiwa mwenyewe ameridhia. Chumba ni chake.

Pasiposhika ndani kabisa, dawa ninayoiamini ni simu ya mezani inayotumia laini, ile yenye umbo la simu za zamani za ofisini, iliyo na tundu la antena ya nje. Antena ya vijiti, inayofanana na ile ya televisheni, hufungwa kwenye mlingoti juu ya paa na kuelekezwa mnara uliko, au kwenye pengo la mlima ambako mtandao ulionekana una nguvu. Hakikisha antena ni ya masafa ambayo mnara unatumia. Ya 1800 haifanyi kazi yake vizuri kwenye 900. Uangalie pia waya. Waya mwembamba wa kawaida, ukiwa na urefu wa mita 20, hula karibu sehemu tisa kati ya kumi za nguvu iliyokusanywa juu. Nunua waya mnene, na ufanye njia iwe fupi iwezekanavyo hata kama simu italazimika kukaa kwenye kona isiyopendeza. Simu ya namna hii ina faida nyingine kwa mzee: batani zake ni kubwa, kipokezi kinakaa vizuri sikioni, na haipotei shambani.

Madukani Kariakoo na kwingineko utaonyeshwa pia vifaa vya kukuza mtandao, na muuzaji atakuahidi makubwa. Vifaa hivi hupokea mawimbi, huyaongezea nguvu na kuyarusha tena, kwa masafa ambayo kampuni za simu zimepewa leseni kuyatumia. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka vifaa vya mawasiliano viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Sababu si urasimu. Antena ya ndani na ya nje zikikaribiana, kifaa husikia sauti yake mwenyewe, huanza kupiga kelele kwenye mnara, na kijiji kizima hupoteza simu bila kujua chanzo ni nyumba ipi. Mnaotaka kumwokoa mama mmoja mnaweza kuwafungia simu wazee wote wa bonde. Ukitaka njia hiyo, nenda kwa kampuni yenyewe, uombe kwa maandishi wafunge kifaa chao.

Kwa upande wa Kenya, tangu 2023 kuna intaneti ya Starlink inayotoka moja kwa moja kwenye satelaiti, na wapo waliowafungia wazazi wao wa vijijini ili wazungumze kwa WhatsApp. Inafanya kazi bila kujali mlima, mradi anga ionekane. Inataka pia umeme wa kudumu, malipo ya kila mwezi na simu janja ambayo mzee anaimudu, na familia nyingi ninazozifahamu hazina vyote vitatu.

Kuna tatizo ambalo hakuna antena italitibu. Minara iliyo mbali na gridi huendeshwa kwa jenereta, sola na betri. Mafuta yakichelewa, au betri zikichakaa, mtandao hupotea usiku na kurudi jua likipanda. Familia zetu zimelizoea hili hadi zinaliona kama hali ya hewa. Ni kosa la huduma, na lina mwenyewe. Andika tarehe na saa za kupotea kwa wiki kadhaa, uzipeleke kwa kampuni, na wasipokujibu uzipeleke TCRA, ambayo kazi yake ni pamoja na kupokea malalamiko ya watumiaji.

Wakati huo huo mzee hawezi kusubiri majibu, kwa hiyo lazima awepo mtu. Mtafute jirani anayekaa mgongoni mwa kilima, ambako simu inashika daima, mkubaliane. Laini ya mama inaweza kupangwa, kwa **62* ikifuatiwa na namba ya jirani na alama ya #, ili anayepiga simu isiyopatikana aelekezwe kwa jirani huyo. Gharama ya kuelekeza hukatwa kwenye salio la mama, kwa hiyo salio lisikosekane. Wekeni saa ya kila siku ambayo mtoto mmoja, kwa zamu inayojulikana, anapiga. Asipopatikana kwa saa hiyo, jirani anakwenda kubisha hodi. Jirani huyu anafanya kazi, na vocha ya mwezi pamoja na nauli yake ya kwenda zahanati ni haki yake. Mkimwachia kwa jina la ujamaa tu, mtamchosha, naye atakuwa na haki ya kuchoka.

Serikali imefanya mengi, nami nayathamini. Sheria ya 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hutoa ruzuku kwa kampuni kujenga mahali pasipo na faida ya biashara. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, na kwa vijiji vingi huo ndio mnara wa kwanza. Lakini kata ya mlimani huweza kuwa na mabonde manne, na mnara mmoja juu ya kilele unaona mawili. Kata itahesabiwa imefikiwa, na wazee wa mabonde mengine mawili watabaki walipokuwa. Ningependa mikataba ijayo iidhinishwe kwa simu iliyopigwa ndani ya nyumba, usiku, katika kila kitongoji, na mwenyekiti wa kitongoji atie sahihi kwamba aliisikia.

Sisi tulio mbali tunaweza kusaidia jambo hilo litokee. Vipimo tulivyochukua wakati wa mapumziko vipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, viandikwe kwenye muhtasari, na barua iende UCSAF na kwa kampuni, nakala kwa diwani na mbunge. Barua iseme kila kitongoji kina nguvu ya mtandao kiasi gani, kwa saa zipi, kwa kampuni ipi, na pengo la mlima liko wapi. Ieleze pia ni wazee wangapi wanaishi peke yao katika kila bonde, na ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu kutoka mlangoni mwao hadi zahanati.